Taarifa ya Saa Kumi na Mbili

Kondele bado inapiga miayo
taarifa inaponifikia kwa Kiingereza,
kurasa mbili, mhuri wa samawati umekaa upande.
Kazi yangu ni kuivusha hadi Kiswahili
kabla tangazo la dawa ya kuku halijaisha.

Sentensi ya kwanza: vibanda viliondolewa.
Na nani? Napekua hadi kwenye sahihi ya chini.
Kiingereza cha ofisi huvaa glavu:
kazi imekwisha, chombo hakina alama ya kidole.

Lakini nisijifanye. Lugha yangu nayo ina maficho.
Ina hii -wa, pazia jepesi,
ukilitazama vizuri utaona viatu chini yake.
Tena ina -ka, ambayo ni ukuta.
Vibanda vilibomoka, alipendekeza Wepukhulu, mhariri,
akinichungulia begani na kikombe chake cha strungi,
"ni fupi, inaingia vizuri kwenye pumzi."
Vilibomoka. Basi mabati yalichoka yenyewe saa nane za usiku,
misumari ikajing'oa mmoja mmoja,
na cherehani ya Apondi, ile ya kukanyaga,
ikajirusha mtaroni kwa sababu zake binafsi.

Apondi nilimrekodi jana, amekalia ndoo.
Hakutafuta kauli. Alisema: alinivunjia.
Nimelisikiliza neno hilo usiku kucha.
A-, huyo hapo mlangoni, wa kwanza kabisa, hana pa kujificha,
kijana wa koti la njano aliyemwita shangazi.
-li-, Jumanne.
-ni-, Apondi mwenyewe, amebanwa
baina ya siku na nyundo,
kisha -vunj-,
kisha ule mkia mdogo, -ia,
unaosema hakikuvunjika kitu tu,
palikuwa na mtu wa kuvunjiwa.
Silabi sita. Kurasa mbili zenye mhuri hazikuzifikia.

Ukurasa wa pili ni wa ahadi.
Serikali kujenga soko la kisasa.
Kujenga: hakuna nafsi, hakuna wakati,
ku- kama geti lililosimama kwenye kiwanja kitupu.
Nikafungua kabati la taarifa za zamani, vumbi hadi puani.
Mwaka juzi: kujenga.
Mwaka jana, Machi: yaazimia kujenga. Agosti: iko mbioni kujenga.
Katika faili lote sikukuta -me-
hata moja ya kujikinga mvua.

Dakika nne. Wepukhulu anapanga nani asemeje.
Kamishna alibainisha. Mhandisi alifafanua.
Apondi alidai.
Kila mtu na kitenzi chake, kama viti vya harusini,
vingine vya kuegemea, vingine benchi.
Nikamwambia: huyu naye alibainisha, ana kovu la bati kiganjani.
Akatazama mita ya umeme,
ambayo matangazo ya kaunti ndiyo huilisha,
akasema kwa upole, "Dai. Kwenye dai hakuna wa kutushtaki."

Taa nyekundu ikawaka.
Kitenzi sikukibadili. Nilibadili wakati tu,
jambo dogo, hata yeye hakuinua kichwa:
Apondi anadai.
Nikameza mate, nikaendelea
kama mtu anayesoma daftari la duka:
anadai cherehani moja,
mabati kumi na mawili,
sare tatu za shule ambazo hazikuwa zimepigwa pindo,
anadai Jumanne.

Kisha hali ya hewa. Mvua inatarajiwa, ilisema karatasi,
bila kumtaja anayeitarajia.